Mabega ya Mchumaji: Mazoezi Tuliyoyaona Chanika



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaandikia habari za miche, palizi, majamvi na bei. Safari hii twaomba mtuvumilie tuandike juu ya mwili wa mtu, khasa mabega na sehemu ya juu ya mgongo. Sababu yetu ni kwamba shamba lililopaliliwa vizuri na mikarafuu iliyozaa vizuri havimfai kitu mwenyewe, ikiwa hakuna mkono wa kuinuka juu ukachuma.

Sote twajua kuwa karafuu haimngoji mtu. Kikonyo kikishapevuka, vichwa vyake huacha ukijani na kuanza kuingia wekundu, na hapo ndipo pa kuchuma. Ukichelewa siku chache vichwa hufunguka vikawa maua, na karafuu iliyofunguka haina tena thamani yake mbele ya mnunuzi. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huweza kupita miaka miwili mitatu ya mavuno madogo, kisha ukaja mwaka wa neema, na katika mwaka huo wa neema ndipo wachumaji wanapokuwa haba. Basi mchumaji mmoja akiumia bega katika siku za mwanzo za mavuno, hasara si yake peke yake. Ni ya nyumba nzima, na wakati mwingine ni ya jirani pia.

KAZI YENYEWE

Mkarafuu uliokomaa hupita mita 10 kwa urefu, na mingine hufika mita 15. Mchumaji hukaa juu kwa saa nyingi. Mkono mmoja umeshika tawi na kubeba sehemu ya uzito wa mwili. Wa pili unavuta ngoe ili tawi la mbali lije karibu. Shingo imeelekea juu na macho yanatafuta vikonyo. Akishuka hapumziki, bali hujitwika polo na kwenda nalo nyumbani. Kesho yake ni hivyo hivyo.

Wala tusidhani kuwa mwenye kuumia ni aliyepanda mtini tu. Jioni mama zetu, dada zetu na watoto hukaa chini kuchambua, kutenga karafuu na makonyo yake. Vidole vinafanya kazi, lakini kichwa kimeinama, mgongo wa juu umepinda kama upinde, na mabega yamekuja mbele. Mtu akikaa hivyo kutoka baada ya magharibi mpaka usiku kuingia, hana budi kuinuka na moto kati ya makombe ya mabega. Huyu mara nyingi hahesabiwi kuwa ameumia kazini, kwa sababu hakuanguka popote. Sisi twasema ameumia kazini vile vile.

KIJANA WA CHANIKA

Wanachama wetu wengi wana watoto na ndugu waliokwenda kutafuta maisha bara, na katika mwaka wa mavuno mengi huwaita warudi kusaidia. Baadhi yao wako Chanika. Kwa asiyepajua, Chanika ni pembezoni mwa Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, karibu na mpaka wa Kisarawe. Ukitoka mjini hufuata Barabara ya Nyerere, ukapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na Pugu, ndipo ufike. Zamani palikuwa mashamba, na siku hizi nyumba zimesogea mpaka huko, na wakaazi wake wengi huenda mjini kila asubuhi na kurudi jioni.

Tulikwenda huko kwa ajili ya kuonana na mtoto wa mwanachama wetu mmoja, ambaye ni fundi cherehani. Kijana huyu alizaliwa katika karafuu na tangu utoto wake alikuwa hodari wa kupanda. Alipoitwa na mama yake katika msimu mkubwa alikuja mara moja, akaacha nguo za wateja. Siku ya kwanza alichuma vizuri. Siku ya pili alilalamika. Siku ya tatu mkono wake wa kulia haukuweza kupita sikio, na alipojilazimisha nusura auachie tawi. Walimteremsha. Mama yake alikuwa na mikarafuu kumi na moja, na katika hiyo minne ilifungua maua juu ya mti huku wote wakiitazama. Fedha zile ndizo zilizokuwa ziezeke nyumba ya mama kwa mabati.

Aliporudi Dar es Salaam alikwenda hospitali akapimwa. Mfupa ulikuwa mzima wala hakukuwa na kano iliyokatika. Lakini kano za bega zilikuwa zimevimba, na mgongo wake wa juu ulikuwa mgumu kama ubao. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwuliza kazi yake, akamwambia aoneshe anavyokaa kwenye cherehani. Kisha akamweleza kuwa ugonjwa ule haukuanzia mtini, bali uliandaliwa kwa miezi mingi juu ya kiti cha kushonea, na mkarafuu uliudhihirisha tu.

Tulipomkuta Chanika, alikuwa amekwisha kufanya mazoezi yapata miezi mitatu, na mkono wake ulikuwa unafika juu bila ya maumivu. Zaidi ya hayo alikuwa amepata wenzake. Asubuhi kabla ya kufungua kazi, mbele ya baraza yake, tuliwakuta mafundi wenzake wawili, mwendesha bodaboda mmoja na mama mmoja auzaye vitumbua, wote wakijinyoosha kwa dakika kumi hivi. Hawana chuma cha kunyanyua wala mashine yoyote. Wanatumia ukuta, mlango, jamvi na uzito wa miili yao wenyewe. Mwendesha bodaboda alitueleza kuwa yeye hukaa siku nzima mikono imeshika usukani na mabega yamepanda juu, na usiku hulala kwa tabu. Kijana wetu naye alitwambia neno moja tulilolichukua: “Katibu, bega la kushonea si bega la kuchumia. Lazima ulifundishe kwanza.”

BEGA HUFANYAJE KAZI

Kiungo cha bega ndicho kinachogeuka pande nyingi kuliko viungo vyote vya mwili. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, lakini mahali kinapokaa ni kijisahani kidogo kisicho na kina. Kinachokizuia kisitoke ni mishipi na kano, khasa misuli minne midogo inayokizunguka. Ndiyo maana bega lina uhuru mwingi, na ndiyo maana pia huumia upesi.

Mkono ukiinuka kutoka ubavuni mpaka juu ya kichwa husafiri nyuzi 180. Katika hizo, yapata nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe, na yapata 60 hutokana na kombe la bega kuteleza na kugeuka juu ya mbavu. Nalo kombe haliwezi kuteleza vizuri ikiwa mgongo ulio chini yake umepinda.

Msomaji, usituamini kwa maneno. Jaribu hapo ulipokaa. Pinda mgongo, lete mabega mbele kama mtu achambuaye karafuu, kisha inua mikono juu. Utaona inakwama njiani. Sasa kaa wima, fungua kifua, uinue tena. Imepanda zaidi, na hukutumia nguvu zaidi. Basi mtu mwenye mgongo mgumu akipanda mtini, bega lake hulazimika kufanya kazi yake na kazi ya mgongo pamoja. Likifanya hivyo saa nyingi, kano husagika na kuvimba. Kwa hiyo mwenye kutaka kulitunza bega aanze na mgongo na kifua.

MAZOEZI YENYEWE

Haya ndiyo mazoezi tuliyooneshwa Chanika. Tumeyapanga kwa namna ambayo mwanachama anaweza kuyafanya nyumbani kwake.

La kwanza: kuzungusha mabega. Simama wima, mikono imening'inia. Pandisha mabega kuelekea masikioni, yapeleke nyuma, uyashushe. Fanya mara 10. Kisha zungusha mikono mizima, mara 10 kwenda mbele na mara 10 kwenda nyuma, uanze kwa duara ndogo na kuikuza kidogo kidogo.

La pili: mgongo wa paka. Piga magoti juu ya jamvi na uweke viganja chini, sawasawa na mabega. Toa pumzi huku ukiuinua mgongo juu kama paka aliyetoka usingizini. Vuta pumzi huku ukiushusha na kufungua kifua. Mara 10, pole pole.

La tatu: uzi katika sindano. Ukiwa katika hali hiyo hiyo, pitisha mkono wa kulia chini ya kifua uelekee kushoto, mpaka bega la kulia likaribie jamvi. Hesabu pole pole mpaka 20, urudi, ufanye na mkono wa pili. Hili huugeuza mgongo wa juu, nalo ndilo lililopendwa na mafundi cherehani kuliko yote.

La nne: mwimo wa mlango. Simama mlangoni, uweke mkono mmoja kwenye mwimo, kiwiko kikiwa usawa wa bega. Piga hatua moja ndogo mbele mpaka uhisi kifua kinavutika. Hesabu mpaka 20. Mara mbili kila upande. Usiegemee kwa uzito wote.

La tano: kushika baraza. Simama mbele ya baraza au meza, uweke viganja juu yake. Rudi nyuma kwa hatua mpaka mikono inyooke, sukuma nyonga nyuma, na uache kifua kishuke kati ya mikono. Magoti yanaweza kukunjika kidogo. Hesabu mpaka 20, mara mbili.

La sita: mkono kifuani. Pitisha mkono mmoja mbele ya kifua, na kwa mkono wa pili uuvute kwa upole juu ya kiwiko. Sehemu ya nyuma ya bega itanyooka. Hesabu mpaka 20 kila upande.

La saba: kupanda ukuta. Simama mgongo umegusa ukuta, viwiko vimekunjwa, na nyuma ya mikono ikigusa ukuta ikiwezekana. Pandisha mikono juu pole pole, uishushe. Mara 8 mpaka 10. Mwanzoni wengi mikono yao huachana na ukuta. Si aibu, ndiyo alama ya kuwa zoezi linahitajika.

La nane: kusukuma ukuta. Simama hatua moja mbali na ukuta, weka viganja ukutani, sogeza kifua karibu kisha jisukume urudi. Mara 10. Hili halinyooshi bali linatia nguvu, nalo ni la lazima, kwa kuwa bega lililolegea lisilo na nguvu halimsaidii aliye juu ya tawi. Likizoeleka, fanya kwenye baraza, na baadaye chini kabisa.

WAKATI WA KUYAFANYA

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kujinyoosha kwa kushikilia muda mrefu, zaidi ya dakika moja kwa msuli mmoja, kunaweza kuupunguzia msuli nguvu kwa kitambo. Kwa hiyo asubuhi, chini ya mkarafuu, fanya mazoezi ya kwenda na kurudi tu: la kwanza, la pili na la saba, na kama hakuna ukuta, inua mikono bila ya ukuta. Dakika tano zatosha kuupasha mwili moto. Mazoezi ya kushikilia yawekwe jioni, kazi imekwisha na mwili bado una joto.

Wenye kuchambua nao wasingoje mpaka kazi iishe. Kila nusu saa hivi mtu ainuke, azungushe mabega, afungue kifua, ndipo akae tena. Pia ni vizuri karafuu ziwekwe juu ya kitu kilichoinuka kidogo, ili kichwa kisiinamie magotini.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: mazoezi haya hayaanzwi siku ya mavuno. Mwili hubadilika kwa majuma, si kwa siku. Anayetaka kupanda mwezi wa saba aanze mwezi wa tano. Khasa tunawasemea vijana walioko Chanika na kwingineko bara, ambao miezi kumi huikalia juu ya kiti, nyuma ya kaunta au juu ya pikipiki, kisha wakashuka melini na kupanda mtini kesho yake. Haba na haba hujaza kibaba, na dakika kumi kwa siku si haba.

MIPAKA YAKE

Hatutaki kuwaambia kuwa kujinyoosha ni dawa ya kila kitu. Hakumzuii mtu asianguke. Kamba madhubuti, tawi lililochunguzwa na kutopanda mti uliolowa mvua ndivyo vimzuiavyo. Wala hakuondoi kabisa uchovu wa misuli wa kesho yake. Pia usijinyooshe mpaka kuumia. Kuvutika ni kuzuri; uchungu mkali ni mwili kukwambia acha.

Kuna hali ambazo si za mazoezi bali ni za hospitali: mtu aliyeanguka na hawezi kuinua mkono; bega lililobadilika umbo; mkono wenye ganzi au uliopoteza nguvu; maumivu ya usiku yasiyopungua kwa majuma; na maumivu ya bega au mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, ambayo huenda yakawa ya moyo. Huyu wa mwisho asicheleweshwe hata kidogo. Kadhalika wenye kisukari, na watu wa umri wa miaka 40 mpaka 60, huweza kupatwa na bega linaloganda kidogo kidogo hata lisigeuke. Hao waonane na mtaalamu mapema kabla halijaganda.

Na juu ya mafuta yetu ya karafuu na ya makonyo, ambayo kila nyumba ina kichupa chake: ni mazuri. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka mingi kwa kupunguza maumivu. Ukitaka kuchulia, changanya matone machache tu katika mafuta ya nazi, kwa kuwa yakiwa makali huunguza ngozi. Na yawekwe mbali na macho na watoto. Lakini mjue kuwa mafuta hutuliza tu. Hayaugeuzi mgongo uliokakamaa. Mwenye kuchuliwa kila usiku bila ya kujinyoosha ni kama mwenye kukinga maji ya paa linalovuja asipande kuliziba.

TUNALOLIOMBA

Jambo hili la mazoezi si geni katika nchi yetu. Zanzibar vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa wingi kila tarehe 1 Januari, wazee kwa vijana. Na kule bara, mwezi wa Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, alizindua kampeni ya taifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawekwa kuwa siku yake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa juma. Mkulima atasema kuwa yeye kazi yake ni mazoezi tosha. Twamjibu kwa heshima: kazi huutumia mwili upande mmoja, na zoezi huurudisha ule upande uliosahauliwa.

Kwa hiyo tunaviomba vikao vya matawi, vitakapokutana kupanga habari za kamba, majamvi na magunia kabla ya msimu, vitoe dakika kumi kuoneshana mazoezi haya manane. Katika kila tawi wachaguliwe watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wa kuyajua vizuri na kuwafundisha wengine, kwani wachambuaji wanayahitaji sawa na wapandaji. Na mwenye mtoto au ndugu bara ampelekee habari hii sasa, asingoje kumwita mikarafuu ikishawiva.

Kijana wa Chanika ametuahidi kuja msimu ujao. Tulimwuliza kama atapanda. Alisema siku mbili za mwanzo atachuma matawi ya chini tu, siku ya tatu atalisikiliza bega lake, na likikubali atapanda. Mama yake tulipompelekea jibu hilo alicheka, akasema kuwa mabati yanaweza kungoja, lakini mtoto aje na mikono miwili. Nasi hatuna la kuongeza juu ya neno lake.

Wassalaam,

KATIBU